Sauti Iliyouliza Hali ya Mama

Jumanne, Kings Heath

Sauti ilikuwa yake kabisa, hata kile kikohozi chake kabla ya kusema jambo. Nilidhani ni Bwana Mutiso, bosi wangu, anapiga simu ofisini.

"Habari ya asubuhi, Grace. Mama anaendeleaje na lile goti?"

Nikamwambia anatembea kidogo kidogo, Mungu ni mwema. Akasema anamwombea. Kisha akataka nywila ya mfumo tunaolipia mishahara ya wafanyakazi wetu wanaotunza wazee. Haraka, yuko mkutanoni.

Nikakata simu.

Miaka yote niliyomfanyia kazi Bwana Mutiso, hajawahi kuniuliza habari za mtu yeyote wa kwetu. Goti la mama nililiweka mtandaoni mwenyewe, nikiomba maombi, na picha ya hospitali juu yake. Watu wa kanisani waliandika amina. Kumbe na wezi walikuwa wanasoma.

Nikampigia bosi kwa namba yake. Nikamweleza kwamba kuna watu wametumia akili bandia kuiga sauti yake ili watuibie.

"Umewapa?"

"Hapana."

"Sawa. Badilisha nywila." Akakata.

Hapo nikajua ni yeye.

Jioni hii nimeifuta ile picha. Bado nina wasiwasi, maana hiyo mashine itajifunza. Siku itakapoacha kunisalimia, sijui nitaitofautishaje na bosi.

Na leo, kutwa nzima, aliyeniuliza hali ya mama ni mwizi peke yake. Nilimwambia asante.