Kwa Nini Mama Syombua Hakumpokea Mtoto

Nyumba za Walimu,
Shule ya Mashambani,
Ruiru.
22 Septemba, 1957.

Bwana Kisilu Makau,
Stesheni ya Reli,
Tororo.

Mpendwa mwanangu Kisilu,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii, na kabla sijaandika lingine nataka kujua hali yako. Je, ile homa imekuacha? Uliandika kwamba mvua ya Tororo hunyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa na serikali. Nilimsomea mama mkwe wako Magdalene maneno hayo naye akacheka, kisha akasema uvae fulana ya sufu jioni, hata kama wenzako wa stesheni watakutania. Sisi hapa hatujambo. Baridi ya mwezi wa saba ilinishika magoti, lakini jua limerudi, na magoti nayo yamerudi kazini.

Mkeo Wakonyo ana nguvu. Anakula vizuri na kila asubuhi anatembea mpaka barabarani na kurudi. Binti yako naye hajambo kabisa. Ana kichwa kikubwa cha ukoo wa Makau, na sisi wa upande huu tumekubali kushindwa. Jina hana bado. Tunamwita Mgeni, na katika barua hii utaona sababu.

Simu ya maandishi tuliyokupelekea ilisema tu kwamba mtoto amezaliwa salama katika hospitali ya Thika. Ulipojibu, uliuliza jambo moja: Mama alikuwa wapi? Ni swali la haki. Mama yako Syombua ni mkunga, amewapokea watoto wengi wa Ngoliba, na alihamia hapa kwetu kwa ajili ya uzazi huu tu, akamwachia dada yako Mbithe mbuzi wake wote. Sisi sote tulijua kwamba mtoto wako wa kwanza angeingia duniani kupitia mikono yake. Haikuwa hivyo, na sababu ni mimi na sanduku la kuangulia vifaranga. Nivumilie nieleze kwa utaratibu, kwa maana nikilisema kwa haraka utamlaumu asiyestahili lawama.

Sanduku lenyewe nililitengeneza kutokana na lile la majani ya chai lililokuwa stoo ya shule. Nililipa kuta mbili, na katikati nikajaza vumbi la mbao ili joto lisitoroke. Nje kuna taa ya mafuta, na bomba la bati linapeleka joto ndani. Chini ya mayai kuna sahani ya maji, kwa sababu hewa kavu huharibu yai. Juu kuna kioo cha kuchungulia na kipimajoto. Mayai lazima yageuzwe asubuhi, mchana na jioni, kama kuku anavyoyageuza kwa mdomo wake, la sivyo kifaranga hugandamana na ganda upande mmoja. Kwa hiyo kila yai nililiandika kwa penseli, msalaba upande huu na duara upande wa pili, ili nisikosee.

Mayai aliyaleta mama yako mwenyewe kutoka Ngoliba, ya wale kuku wake wa kishingo wasio na manyoya shingoni, yamepangwa ndani ya kiondo katika pumba za mtama. Alilizunguka sanduku akalitazama pande zote.

“Mwalimu, hii sanduku yako haina mabawa.”

“Ina taa, Mama Kisilu.”

“Na itajua watoto wake namna gani?”

“Haina haja ya kuwajua. Kazi yake ni kuwapa joto.”

“Basi hiyo ni baba,” akasema. Magdalene alicheka mpaka akatafuta kiti.

Ndivyo tulivyoishi naye, kwa utani na kwa Kiswahili chetu cha kuokotaokota, maana mimi Kikamba sikijui na yeye Kikikuyu anakijua lakini hakitaki. Haikuchukua muda akalipenda sanduku kuliko mimi. Aliyageuza mayai kwa mkono mwepesi, wala hakuhitaji msalaba wala duara. Kisha siku moja nilimwonyesha jinsi ya kumulika yai. Unalishika mbele ya tundu lenye mwanga wa taa, na ndani unaona mishipa myekundu kama mizizi ya nyasi, na katikati doa jeusi linalotikisika. Baadaye akaniambia kwamba maisha yake yote amewashika watoto kwa nje, kupitia tumbo la mama, na hakuwahi kumwona hata mmoja akiwa ndani. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alilisalimu sanduku kabla ya kunisalimu mimi. Mimi niliona ni mzaha tu.

Kuku huatamia kwa wiki tatu. Wiki hizo zilikuwa hazijatimia nilipokwenda Thika kutafuta utambi wa taa. Sikujua kwamba joto langu lilikuwa limezidi kidogo siku zile za mwanzo, na mayai yaliyopata joto zaidi huwahi. Basi lilikuwa limeshafika barabarani. Nikamwambia mama yako, “Litokee lolote, usifungue sanduku.”

“Na wakilia?” akauliza.

“Waache walie,” nikasema, nikatoka mbio.

Unanijua mimi, Kisilu. Magdalene husema kwamba nikiulizwa ni saa ngapi naanza kueleza jinsi saa inavyoundwa. Lakini siku hiyo, jambo moja lililohitaji maelezo nililiacha mlangoni kwa maneno mawili, kwa sababu dereva alipiga honi.

Nilipaswa kumwambia hivi. Kifaranga akishatoboa ganda kwa mdomo, huacha kazi akapumzika. Hulia kidogo, akanyamaza, akalia tena, na anaweza kukaa hivyo mchana kutwa. Wakati huo damu iliyo kwenye utando inarudi mwilini mwake, na kiini cha yai kinavutwa tumboni kupitia kitovu. Akitolewa kabla hiyo kazi haijaisha, damu inamwagika. Tena mfuniko ukifunguliwa, mvuke unatoka, na utando unakauka na kuwabana hata wale ambao hawajaguswa. Kwa hiyo kuku husikia kilio hicho akatulia palepale alipo.

Mama yako amefundishwa na kilio cha namna nyingine. Kwake mtoto aliyeonyesha kichwa kisha akasimama ni mtoto anayekufa, na mkunga anayekaa tu akisikiliza si mkunga. Wakonyo ndiye aliyenisimulia. Mama alisikia vifaranga wakilia, akachungulia kiooni, akaona mdomo kwenye tundu, na mdomo ukasimama. Alingoja. Alikwenda barabarani kutazama kama basi linakuja, akarudi, akaenda tena. Ndipo akanawa mikono kwa maji ya moto na sabuni mpaka kwenye viwiko, akatandika leso safi, akafungua.

Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni karibu na sanduku. Vifaranga walikuwa wamepangwa juu ya leso, wamelowa, shingo tupu kama za mama zao. Vitovu vyao alikuwa amevifunga kwa uzi wa cherehani, kimoja kimoja. Wachache walikuwa bado wanapumua, nao hawakufika jioni. Katika yale mayai yaliyobaki hakutoka hata mmoja.

“Mwalimu, nimejaribu,” akasema.

Nami nikamjibu, mbele ya Magdalene na mbele ya binti yangu aliyekuwa na mimba kubwa, “Mama Kisilu, ni mikono yako iliyowaua.”

Sikuwa na hasira, na hilo ndilo linalonisumbua. Mtu mwenye hasira husamehewa kwa kuwa hakujua alisemalo. Mimi nilisema kwa upole, kama ninavyomwambia mwanafunzi kwamba hesabu yake imekosewa mstari wa pili.

Hakulia. Alikunja leso, akapika, tukala. Wakati wa chai akamgeukia Wakonyo. “Mwanangu, mimi sitakushika. Neno limesemwa juu ya hii mikono, na wewe ulikuwa hapo ukasikia.” Wakonyo alimsihi sana. Magdalene naye aliniambia mambo ambayo sitayaandika, lakini yote yalikuwa sawa. Asubuhi mama yako alichukua kiondo chake akaenda Ngoliba.

Ilinipasa kumfuata siku ileile. Lakini unajua kwamba kwetu sisi Wakikuyu mambo ya pasi hayajaisha. Ruhusa yangu ya kusafiri kupita Thika ilikawia, na kila siku iliyopita lile neno langu lilizidi kukauka mahali lilipoangukia.

Nilipofika Ngoliba alinipokea kwa heshima yote. Alinikalisha kwenye kigoda cha marehemu baba yako, akanipa uji wa mtama. Nikaomba msamaha. Akasema alishanisamehe tangu barabarani, alipokuwa akingoja basi la kumrudisha nyumbani. Hapo ndipo ningeinuka, nishukuru, niage. Badala yake nilianza kueleza. Nilieleza habari za damu, na kiini, na utando, na mvuke, kwa utaratibu, kama nilivyokueleza wewe. Nilidhani akijua kwamba ni kosa ambalo mtu yeyote angefanya, mzigo utampungukia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hivyo hawakuwa wanakufa?” akauliza.

“Hapana, Mama.”

“Walikuwa wanapumzika.”

“Ndiyo.”

“Mwalimu, mpaka leo mimi nilifikiri nimekuta watu wanakufa nikashindwa kuokoa. Sasa umenieleza.”

Akachukua kikombe changu, akaenda kukiosha.

Uchungu ulimshika Wakonyo siku chache baada ya hapo. Lori la shamba lilitupeleka Thika, na wauguzi walifanya kazi yao vizuri sana, nasi tunawashukuru. Lakini Magdalene aliniambia kwamba uchungu ulipozidi, Wakonyo aliita mama kwa lugha yenu, “Mwaitu, Mwaitu.” Muuguzi hakujua anaitwa nani. Magdalene alikuwa amemshika mkono, akajua kwamba si yeye anayeitwa, na hakuuachilia huo mkono.

Kwa desturi yenu jina la mtoto linatoka kwa wanawake wa kwenu. Tulimtuma Absalom, yule mwuza maharagwe anayepita Ngoliba kila wiki, ampelekee mama yako habari. Alirudi na jibu kwamba amefurahi, anamwombea mtoto, na hatakuja. Wakonyo naye hataki jina kutoka kwa mtu mwingine. Mchungaji wetu ameuliza mara mbili habari za ubatizo, nami nimemwambia asubiri. Ndiyo sababu binti yako ni Mgeni katika nyumba ambayo kila mtu anamjua kwa harufu.

Sasa ninakuomba jambo, mwanangu. Mwandikie mama yako. Usimwambie kwamba vifaranga si kitu, maana anajua kwamba walikuwa kitu. Usinitetee, wala usinishtaki kwake. Mwambie tu kwamba wewe, mwanawe, unamtaka yeye ampe mtoto wako jina. Na kama wakubwa wako wa reli watakupa likizo hata fupi, njoo.

Baiskeli yako ipo, nimeipaka mafuta na kuining'iniza stoo ili matairi yasiharibike. Ufunguo ulioutafuta ulikuwa ndani ya koti lako la zamani.

Wakonyo hataki kungoja barua wala likizo. Wiki ijayo atambeba mgongoni huyo mtoto aende Ngoliba mwenyewe. Hatamwomba mama yako kitu chochote. Anasema ataingia, atasalimu, atafungua leso, atamweka mtoto mapajani pake, kisha atoke nje kuwatazama mbuzi. “Akiwekewa mapajani, hiyo mikono itafanya nini, Baba? Itabidi imshike.” Labda ndivyo itakavyokuwa. Labda mama yako atakaa na mikono kando mpaka Wakonyo arudi kumchukua mtoto. Sijui, na ninaogopa zaidi ya nilivyoogopa siku ya uzazi.

Niliomba niende nao, na safari hii pasi ninayo. Wakonyo alimaliza kumnyonyesha mtoto. “Utakuja, Baba,” akasema. “Utabeba mzigo. Lakini hutaeleza kitu.”

Nimekubali. Nitaketi nje ya mlango, na mama yako akinisalimu nitaitika.

Magdalene anakusalimu sana, na Wakonyo atakuandikia kwa mkono wake akishapata wasaa. Msalimie Kaleli, mwenzako wa chumbani, na umwambie sukari guru aliyotuletea tuliifurahia. Mungu akulinde katika kazi ya treni, akuondolee homa, na akurudishe nyumbani umkute mtoto wako ana jina la kumwitia.

Ni mimi nikupendaye, baba wa mke wako,

Ephantus Githinji.