Kiti Kimoja Kwenye Reli ya Milima na Mabonde

Mpendwa Baba Neema,

Nimepanda. Nimeona nikwambie hilo kabla ya salamu, kwa sababu nakujua, ungeipitishia macho barua yote haraka haraka ukitafuta mahali niliposema kama nilipanda au sikupanda. Nilipanda jana, Jumamosi, peke yangu, na nikashuka salama. Sasa nimekaa hapa mezani nikusimulie vizuri, maana humu ndani hakuna mwingine wa kumsimulia.

Neema nilimpigia simu jana jioni. Bado yuko Göteborg na masomo yake. Nilimwambia kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake, akasema vizuri sana mama, umefanya la maana kutoka nje. Ni mtoto mwema, sina la kumlaumu. Lakini alichosikia ni kwamba mama yake ametoka nje. Hakusikia kwamba mama yake amepanda ile treni. Wewe ungeniuliza nilikaa behewa la mbele au la nyuma, na ungeniuliza inavutwa kwa mnyororo au kwa waya, na ungeniangalia usoni ujue kama nilifumba macho.

Nakumbuka siku uliyoleta habari yake humu nyumbani. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka kule kwenye maegesho ya magari na kila kitu nje kilikuwa tope. Ulirudi kutoka zamu ya asubuhi na koti la kazi mwilini, ukaja moja kwa moja hadi jikoni na viatu vyako, wewe uliyekuwa mkali wa viatu kuliko Waswidi wenyewe.

"Atieno," ukasema. "Wamejenga reli mpya kule kwenye bustani ya michezo. Inapanda juu kupita mapaa ya nyumba, halafu inapindia upande wa maji."

Uliniita Atieno ulipokuwa na jambo kubwa. Kwa mengine yote nilikuwa Mama Neema.

Nikakuuliza, "Wewe si uko kwenye treni kila siku? Reli bado haijakuchosha?"

"Naendesha chini ya mwamba," ukanijibu. "Hjulsta hadi Kungsträdgården, Kungsträdgården hadi Hjulsta. Wakati wa baridi naingia shimoni giza, natoka giza. Nataka nipande inayokwenda juu. Tena niendeshwe mimi."

Treni ya burudani ya namna hiyo, inayopanda na kuporomoka, Waswidi wanaiita reli ya milima na mabonde, na ulilipenda jina hilo. Ulilitafsiri na kulirudia kama mtu anayetaja mahali alikozaliwa. Labda ni kwa sababu ulikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli kule Jinja. Reli ndiyo iliyokupa Kiswahili. Majirani zetu waliotoka Kampala walikuwa wakikunja uso ukianza kukizungumza sebuleni, kwa kuwa wao walikijua kama lugha ya askari wanaogonga milango, nawe uliwaambia kwa upole, "Mimi nilikiokota relini, si kambini." Mimi Mjaluo wa Kisumu sikujua Kisoga chako, nawe Kijaluo kilikushinda kabisa, basi Kiswahili hichohicho ndicho tulichotongozana nacho, tukagombana nacho na kupatana nacho. Ulikicheka changu kwa "ati" nyingi. Nami nilikucheka kwa kuita kila kitu "kintu".

Mara ya kwanza tuliyokwenda ilikuwa kiangazi kilekile cha kufunguliwa kwake. Foleni ilizunguka banda la peremende hadi ikaonekana upande wa pili. Waswidi walisimama kimya kama wako benki, na katikati yao sisi wawili tunaongea kama tuko sokoni. Nilikuwa nimefunga chapati kwenye kitambaa. Ukamkaribisha bibi mmoja aliyekuwa nyuma yetu, akakataa kwa adabu, halafu baada ya kitambo akauliza kama bado zipo. Ulimpa ya kwako. Tukasogea, tukasogea, hadi tukafika mahali ambapo tuliweza kuzisikia sauti za watu zikipanda na kushuka na mabehewa. Ndipo radi ikapiga upande wa bandarini, na msichana wa zamu akavuta mnyororo na kuufunga mbele ya vifua vyetu. Chuma kirefu na radi haviendi pamoja, akatueleza, poleni sana.

Mvua ilikuwa inakudondokea kwenye miwani. Nilidhani utakasirika. Ukatazama juu, ukasema, "Tutarudi. Reli haina miguu."

Tukarudi mwisho wa kiangazi, kabla bustani haijafungwa kwa ajili ya baridi. Siku hiyo jua lilikuwa kali kwa namna ambayo mji huu hauijui, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, watu wote wakikimbizana na msimu. Katikati ya foleni ukanigusa bega.

"Nishikie nafasi," ukasema. "Nikakae kidogo kwenye benchi. Hili jua limenizidi."

Nikakushikia. Nikafika kwenye lango. Msichana akaniuliza tuko wangapi, nikamwambia wawili, akauliza mwenzako yuko wapi, nikasema anakuja. Nikawapisha walio nyuma yangu. Treni ikaondoka, ikarudi, nikawapisha wengine. Walipita wachumba, wakapita baba na binti yake, na wote walinishukuru. Mimi nikaendelea kusimama pembeni ya lango nikikutafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Mwishowe nikaiacha foleni.

Ulikuwa kwenye benchi chini ya ukuta, vifungo vya shati wazi, kiganja kifuani, uso umelowa. Ukaniangalia ukauliza, "Umepanda?"

"Nipande bila wewe?"

"Ungepanda," ukasema. "Ungenihadithia."

Yaliyofuata unayajua kwa sehemu yako, na sehemu yangu sitaki kuirefusha hapa. Hospitali walisema moyo. Wakakutoa kwenye uendeshaji, wakakuahidi kazi ya ofisini ambayo hukuifikia. Ulikaa kwenye kiti cha dirishani baridi yote ile ukisikiliza kaseti zako za zamani, na kila ulipofika wakati wa zamu yako ulitazama saa ya ukutani, kisha ukatazama nje. Uliondoka kabla theluji haijaisha. Ardhi ilikuwa ngumu kwa barafu, ikabidi tungoje kukuzika. Ndugu zako walipiga simu kutoka Jinja wakilia kwa Kisoga, nami nikawa nasema ndiyo, ndiyo, bila kuelewa. Kanisani waliimba kwa Kiingereza na Kiganda, wakaimba vizuri. Nilitamani tu mtu mmoja aniambie pole kwa maneno ambayo wewe ungeyatumia.

Hilo ndilo sikulitegemea, Baba Neema. Nilijua kitanda kitakuwa kikubwa. Nilijua nitapika chakula kingi na kukitupa. Sikujua kwamba lugha nayo itanyamaza. Kazini, kule jikoni kwenye nyumba ya wazee, ni Kiswidi. Jumapili baada ya ibada Wakenya wenzangu wanaanza kwa Kiswahili, lakini tukishasalimiana tu wanahamia Kiingereza. Kuna majuma yamepita sikutamka sentensi nzima ya Kiswahili ila kwenye simu na Neema, na zikienda kwake zinarudi zimevaa nguo nyingine. Juzijuzi nilijikuta naliambia sufuria, "Haya, chemka basi." Nilicheka, halafu nikaacha.

Jumamosi ndiyo siku mbaya. Siku za kazi zina wazee wa kulishwa na Jumapili ina kanisa. Jana asubuhi redio ilisema jua litawaka, na majirani wakaanza kushusha vikapu na vigari vya watoto kwenye lifti. Nikawasikiliza wote hadi wakaisha. Nikavaa lile gauni la maua ya njano ulilosema linaonekana toka mbali, nikaenda stesheni.

Nilikaa behewa la mbele, nyuma ya mlango wa dereva, nilipozoea kukaa ikiwa ni zamu yako. Dereva alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu. Nilishuka bila kumpungia.

Kule bustanini foleni bado ipo, ingawa reli ina mwaka sasa. Nikasimama. Nilisimama pale kwa muda hadi mama mmoja nyuma yangu, akiwa na watoto wake, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu anakuja. Sikumwelewa. Akanionyesha kwa mkono. Nilikuwa nimesimama upande mmoja kabisa wa njia, nimejibana kwenye chuma, na upande wa pili nimeacha nafasi ya mtu. Nikamwambia hapana, hakuna anayekuja. Nikasogea katikati.

Tulipokaribia lango, msichana wa zamu, si yule wa mwaka jana, akahesabu watu wake, kisha akainua sauti kwamba amebakiwa na kiti kimoja. Akauliza nani yuko *ensam*. Unalikumbuka neno hilo. Tulipokuwa darasa la lugha ulibishana na mwalimu, ukamwambia haiwezekani mtu aliye peke yake na mtu mpweke wakaitwa neno moja, na mwalimu akasema ndivyo lilivyo. Watu walitazamana, wote wawili wawili, watatu watatu, wanne wanne. Nikainua mkono kama mtoto wa shule.

Wakanipisha. Niliwapita wote wale, wachumba na familia na vijana na soda zao, ile foleni iliyotushinda mara mbili, nikaipita kwa sababu tu sina mtu.

Kiti kilikuwa cha tatu kutoka mbele, kama unataka kujua. Jirani yangu alikuwa msichana wa umri wa sekondari, mwenye nywele nyeupe kama za mahindi mabichi. Rafiki zake wawili walikaa mbele yetu pamoja na hawakugeuka. Chuma cha kuzuia kiliposhuka mapajani petu akaniambia kwa sauti ndogo, "Sijawahi kupanda. Wao wamenilazimisha."

"Mimi pia sijawahi," nikamwambia.

Inavutwa kwa mnyororo. Unausikia chini ya makalio, ta, ta, ta, na unalala chali kidogo na huoni ila mbingu. Nilifikiria jinsi ungefurahi kwa sauti ile. Juu kabisa inatulia, kama treni yako ilivyotulia kabla ya kuingia stesheni, na hapo nikauona mji wote. Nikaona maji na madaraja, minara ya makanisa, meli nyeupe ikielekea Ufini. Nikatafuta upande wetu wa Hjulsta lakini haukuonekana. Tunaishi mbali sana.

Yule mtoto akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi na kina jasho. Nilifungua mdomo nimtulize, na Kiswidi chote kikanikimbia. Nikamwambia, "Usiogope, mwanangu. Shika hapa. Shika sana. Tutafika." Tukaanguka. Na hata tulipokuwa tunaanguka sikunyamaza, Baba Neema, nilisema Kiswahili njia nzima, kwenye kila kona, sijui nilisema nini, nilisema tunapinda sasa, nilisema tazama maji, nilisema mshike mtoto, mshike, na machozi yakawa yanakwenda nyuma masikioni kwa ajili ya upepo. Yule mtoto alikuwa anaitikia kwa kichwa kana kwamba anaelewa kila neno. Sikufumba macho.

Tuliposimama aliachia mkono wangu, akatazama alama za kucha alizoniachia, akaona haya.

"Ulikuwa unasema nini kule juu?" akauliza.

"Nilisema tutafika."

"Ulisema mengi zaidi ya hayo," akasema, akacheka, akanishukuru na kuwakimbilia rafiki zake.

Pale pa kutokea watu walikuwa wamesimama na makoti na mikoba ya waliopanda, wakiwatafuta wao. Na mimi niliangalia zile nyuso, moja moja, hadi mwisho. Benchi lako lilikuwa limekaliwa na watu wanaokula aisikrimu, kwa hiyo sikukaa. Nikarudi nyumbani.

Ndugu yangu wa Kisumu anasema nirudi, nyumba ipo. Neema anasema nihamie Göteborg. Nimewaambia wote wangoje. Sijui nitafanya nini na sitaki kukudanganya kwamba ile treni imeniponya. Usiku wa kuamkia leo ulikuwa kama mingine. Ila kuna jambo moja nimelijua jana ambalo sikutaka kulijua: kwamba naweza kufika bila wewe. Tangu uondoke nilikuwa najiambia siwezi, na huko kutoweza kulikuwa njia yangu ya kukaa karibu nawe. Sasa nimeweza, na umbali umeongezeka kidogo. Naona ungelisikia jambo hili ungefurahi. Mimi bado sijafika kwenye kufurahi.

Nikutakie mapumziko mema huko, mume wangu. Kesho ni Jumatatu. Jikoni wataulizana walivyoipitisha Jumamosi, na zamu yangu ikifika nitawaambia nilipanda ile reli mpya. Watauliza na nani. Nami nitawajibu ilivyokuwa.

Wako niliyebaki,
Mkeo, Mama Neema