Masanja Alaye Nyuma ya Ghala

Jumatatu, 4 Juni 1934
Ifahamike kwa serikali, machifu na ng'ombe wote wa Geita: tangu leo ugali wa kambi hauna mchanga. Tumepata mpishi mpya, Mama Kabula, mtu wa Didia, kule Shinyanga. Karani wa mgodi, yaani mimi, alirudia sahani mara tatu. Mkanda umelalamika.

Bwana, Mzungu msimamizi wa mgodi, anatafuta mnyapara. Masanja ndiye hodari kuliko wote shimoni. Lakini leo chakula kilipopakuliwa aliinuka, akaenda kukaa nyuma ya ghala. Bwana akaandika kando ya jina lake neno moja: aloof. Akaniuliza kama nami namwona hivyo. Nikasema ndiyo, Bwana. Neno jepesi. Maana yake maringo.

Jumanne, 5 Juni
Niliwaeleza wachimbaji maana yake. Sikuulizwa. Kiingereza kikinijaa hunitoka chenyewe, kama jasho. Walicheka sana. Masanja tena nyuma ya ghala, anatafuna matobolwa yake, vile viazi vikavu vya kwao.

Alhamisi, 7 Juni
Mzaha umeota pembe. Wakimwona wanavua kofia: "Shikamoo, mtukufu, leo unakula na gavana?" Jioni amekunja mkeka. Keshokutwa anarudi kwao, unyapara wapewe wengine. Najisikia vibaya. Nimekula kidogo. Sahani mbili.

Jumamosi, 9 Juni
Siku njema kupita zote mwaka huu.

Asubuhi Mama Kabula aliingia ofisini, mwiko mkononi. Alisema Kisukuma, mimi nikafasiri. Kumbe Masanja ni mume wa binti yake Kabula. Mama hakujua kwamba mkwewe yuko hapa mpaka alipouona mgongo wake Jumatatu. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kutafuna mbele yake. Wala halitangazi jambo hilo kambini.

"Mwambie Bwana," alisema, "huyo anayenikimbia ndiye aliyeniezekea nyumba, na mvua inamnyeshea."

Bwana alilifungua daftari la majina. Kisha akasema neno lake ni la mtu ambaye moyo wake uko mbali na wenzake, hata akiwa amekaa katikati yao. Maringo hakuyataja yeye. Akanitazama kidogo. Akalifuta neno, akaandika: mnyapara.

Masanja alikuwa nje, ameupa mlango mgongo. Mama akatokea mlango wa nyuma ili asimpite. Wale wale waliomvulia kofia, waliposikia habari, wakakata mabua, wakasimamisha ua kati ya jiko na mahali pa kulia. Adhuhuri sahani ya Masanja ilipitishwa pembeni mwa ua, imejaa kuliko yangu. Akala na wenzake. Mtu akaanza wimbo. Hata Bwana alipiga makofi, ovyo ovyo, lakini alipiga.

Jumapili, 10 Juni
Kambi kimya.

Kweli yenyewe ni hii. Neno lile sikulijua. Kamusi yangu inaanzia herufi B. Kurasa za mbele zililiwa na mchwa Shinyanga, miaka mingi sasa. Niliona haya kumwambia Bwana sijui, mtu mzima mwenye mvi na kalamu sikioni. Nikabahatisha. Kisha nikaitembeza bahati yangu kambi nzima.

Asubuhi nilimweleza Masanja yote. Alikuwa anachonga mpini wa sururu. Alichonga mpaka nikamaliza.

"Keti, karani," alisema, akasogea kunipa nafasi kwenye gogo.

Nikaketi. Tulikaa mpaka jua likawa kali.