Mabua Baada ya Mvua

Jumatatu, 10 Februari 2025

Usagara, ukweni. Likizo ya uzazi, mtoto analia, jua kali. Mahindi ya Baba mkwe yamejikunja majani. Shimba, shemeji yangu, aliyamwagia mbolea ya yurea bila kipimo, kisha mvua ikakata.

Jumamosi ng'ombe wa mahari ya Shimba wanapelekwa kwa wakweze. Baba anawaangalia kuliko mjukuu wake.

Alhamisi, 13 Februari

Mvua jana, nzito. Leo mahindi yamesimama tena, ila mbelewele zilishakauka, hayatazaa. Mama mkwe kaniambia Baba atayakata awalishe ng'ombe wa mahari.

Nimeshtuka. Hivi sasa mizizi inavuta naitrojeni ya ile yurea kwa pupa, kama naitreti. Majani ndiyo huigeuza kuwa asidi amino, zikasafirishwa hadi kwenye punje kutengeneza protini. Lakini majani haya ni hoi kwa ukame, hayawahi. Naitreti inarundikana sehemu ya chini ya bua, mbichi vilevile. Ng'ombe akiila nyingi, damu inashindwa kubeba hewa. Somo hili nimelifundisha darasani miaka yote — halijawahi kunitoa jasho.

Kumwambia Baba mwenyewe siwezi. Hapa mke wa mtoto hamsemeshi baba mkwe. Kwetu Bukoba heshima ipo, lakini walau tunasalimiana! Huku hata shikamoo yangu inapitia kwa Mama. Basi nimemwambia Mama: mabua hayo kwa sasa ni sumu, Baba asubiri kama wiki. Kaitikia.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemsikia Baba nje akicheka: Wahaya bwana, shamba kwanza, ng'ombe baadaye.

Nikamuuliza Mama alimwambia nini. Eti mkwe anaomba mahindi yaachwe kidogo. Basi. Sumu hakuitaja — wiki ya mahari, ukitaja sumu zizini watu watauliza nani kaileta. Nimekasirika. Mume wangu Luhaga, yuko kazini Buzuruga, nimempigia. Kasema nitulie, Mama anajua namna ya kuongea na mzee. Mama kaahidi kurudia kesho, Baba akishakunywa chai.

Jumamosi, 15 Februari

Chai haikusubiriwa. Baba kaamka mapema, kakata mabua, kachagua yale manene ya chini, matamu. Eti ng'ombe wa safari washibe vizuri.

Nimesikia ng'ombe akikoroma. Nimekimbia na mtoto mgongoni. Mmoja kaanguka, fizi zimekuwa za kahawia.

Nikasema, Baba, wasile.

Akanipa mgongo. Kwa heshima kabisa, mabua mkononi, akisubiri Mama aje. Ng'ombe wengine wanatafuna tu. Nikarudia. Kasimama vilevile. Nikamnyang'anya mabua. Nimemgusa baba mkwe mkono — yaani mimi.

Yule wa kwanza kafa. Wa pili anayumba. Daktari wa mifugo yuko njiani kutoka Kigongo, anasema dawa anayo, ila pikipiki imekwama kwenye tope. Washenga wamekaa uani na makoti yao. Shimba analia waziwazi.

Mama kaja dirishani kwangu. Baba anauliza waliobaki wapewe nini.

Nimesema nyasi kavu na maji, na mtu asiwakimbize.

Baba yuko hapohapo nyuma yake, kanisikia neno kwa neno. Anamngoja Mama amwambie.