Meli Ndani ya Hori Letu

Kijijini, 2 Agosti

Ivalu mjukuu wangu,

Miaka mitatu hujanitia machoni. Ningekufa ungesikia kwa watalii. Mzima lakini? Mimi magoti yananisumbua, mdomo haujambo. Anayeandika ni katekista. Nimemwonya asinipambie maneno.

Nasikia unaongoza wageni kwenye meli ile nyeupe. Wa meli nyingine walioshuka hapa juzi walipiga picha chupi zangu kambani. Wangesema, ningeanika mpya.

Ninalotaka ni hili. Mwezi huu nyangumi wa pembe wanaingia horini kutoka bahari kuu. Wakisikia injini, wanatoka nje kwenye barafu na hawarudi. Kaka yako Enok yuko kule peke yake na mtumbwi wa ngozi, maana mkewe mimba imemlemea na nyama imetuishia. Meli yenu isiingie. Nakuomba wewe, nahodha simjui.

Bibi yako,
Bibiane

Melini, 20 Agosti

Shikamoo bibi,

Magoti yamepoa? Barua yako nimeipata leo bandarini. Horini tuliingia tarehe saba. Nahodha aliuliza nani anajua nyangumi wanakaa wapi, nami nikawahi kujibu, nikajiona wa maana. Nikamwelekeza hadi penyewe. Wageni wakapiga makofi. Nyangumi wakazama, wakaibuka mbali, wanaelekea bahari kuu. Nyuma yao nikaona mtumbwi unawafuata. Nikamwambia mama mmoja, "Yule kaka yangu." Akampiga picha.

Bibi, Enok amerudi?

Mjukuu wako,
Ivalu

Kijijini, 28 Septemba

Ivalu,

Sikuulizi hali, naijua. Barua yako nimekaa nayo wiki nne. Kila Jumapili katekista alikuja na kalamu, nikamfukuza.

Hakurudi. Horini maji yametulia, lakini huko nje barafu inatembea. Wenzake wameleta mtumbwi tu, ubavu umepondeka.

Usiniombe msamaha, si wangu kuutoa. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume, tumempa jina la Enok. Na kwetu unajua: jina likipokewa, mwenyewe amerudi. Mama yake anamnyonyesha huku anamwita "mume wangu". Mimi namgombeza kwa kuchelewa.

Nawe ni mtoto wangu, nyumba hii ni yako. Njoo kwa helikopta, si kwa meli. Ukiingia usianze na mimi. Nawa mikono, mpakate kaka yako, umsimulie mwenyewe ile tarehe saba, usimfiche neno. Akilia, mwache alie. Usimbembeleze mpaka amalize.

Bibi yako