Kilimani Ulifika Bila Sisi

Bukavu, tarehe 9 Agosti 1975

Mupendwa kaka Ignace,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Unaendelea namna gani na joto ya Kinshasa? Bibi yako na watoto wako wazima? Sisi tuko wazima. Magoti inamusumbua maman na hii baridi ya asubuhi, lakini misa ya kwanza haikosi.

Kaka, leo sikuandikii kwa furaha.

Wakati wa Pasaka ulituandikia kwamba utakuya mu likizo, na tutapanda wote pale kilimani, barabara ya Kavumu, kwenye papa yetu aliangukia mu vita ya 1967. Kisha tushuke ziwani, tukule pamoja. Ni wewe peke yako ulijua mahali askari wenzake walimuzika. Tangu siku ile maman alianza kupanga safari. Aliniambia nitakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na maua atabeba yeye mwenyewe. Kitenge ya kwenda nayo alishaipiga pasi, akaitundika mulangoni, na hakuna mutu aliruhusiwa kuigusa.

Juma lililopita alifika Godelive, ule binamu yetu mwenye kuuza mboga kule Kavumu. Mbele hata ya kukaa, akaniuliza maman akisikia:

“Yolande, Ignace amekwisha kurudi Kinshasa? Mbona hamukumusindikiza?”

Nilifikiri anachanganya watu. Akatuelezea. Motokari ilisimama pale Kavumu, ukashuka na wageni wa kazi yako, ukawapandisha kilimani. Godelive aliacha mboga yake, akakufuata ili akusalimie. Alikuta unawaonyesha kaburi, karibu na jiwe kubwa. Mugeni mumoja akakuuliza kama ungali na jamaa huku. Ukajibu: “Hapana. Ile vita ilinibakisha peke yangu.”

Godelive alikuwa nyuma yako. Akashuka bila kukusemesha. Ninyi mukaenda kula ziwani, na jioni ndege ikakubeba.

Ignace, ungesema ulikosa wakati, ningekubali. Kazi ni kazi. Lakini kutuzika sisi wazima, mbele ya kaburi ya papa? Ulikuwa unatuonea haya? Juu ya nini? Nyumba ya maman? Kifaransa yangu? Ulale ukijiuliza.

Maman alimumiminia Godelive chai. Kisha akamwambia Godelive: “Basi sasa na wewe unajua mahali. Utanipeleka?”

Tunaenda jumamosi ijayo. Floribert, bwana yangu, ameomba camionnette, ile motokari ndogo ya mizigo, kwa mukubwa wake wa kazi. Tutamuchukua Godelive pale Kavumu, tupande polepole sababu ya magoti ya maman. Tukimaliza kusali, tutashuka ziwani na mukeka na chakula. Anataka kuosha miguu mu maji. Sikuelezei haya ili ukuye.

Mujomba wetu, tonton Constantin, na bibi yake Marcelline wanakusalimia. Hawajui kitu, na mimi sitawaambia. Unipigie watoto busu, hasa kale kadogo ambako hatujakaona.

Maman amesema atakaposimama pale atamutajia papa watoto wake wenye kuwa hai, mumoja mumoja. Kama jina lako litakuwa ndani, sijui. Sikumuuliza. Nitasikia jumamosi, na sitakuandikia.

Mungu akuchunge huko uliko.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda hata leo,

Yolande