Simu tatu zilizosema jua

Wewe unayesoma, nakuomba usimwonyeshe mtu hata neno moja la hapa. Usilinakili, usilitume kwenye grupu lolote.

Jumanne, Kigali. Mawingu, baridi kidogo.

Mimi ni karani kwenye ghala la mahindi Masoro. Kabla ya kuanika, bosi hutuambia tuweke simu mezani, kila mtu afungue programu yake ya hali ya hewa. Simu nyingi zikisema jua, mahindi yanatoka nje. Anaiita kura.

Alhamisi iliyopita aifoni yake ilisema jua. Android mbili za wenzangu, jua. Yangu ikasema mvua mchana.

"Tatu kwa moja," akasema. "Simu yako inaogopa kama wewe, mdogo wangu."

Wakacheka. Nami nikacheka.

Lakini nilijua. Zile programu tatu ni huria, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na mimi nilishausoma kwa udadisi tu. Majina tofauti, rangi tofauti, simu tofauti, ila zote zinachota utabiri mahali pamoja. Watengenezaji wameliandika hilo waziwazi. Ilikuwa kura moja iliyopigwa mara tatu.

Lakini mkataba wangu ni wa muda. Nikaandika idadi ya magunia yanayotoka nje.

Mvua ikaja mchana. Turubai hazikutosha, na mahindi yaliyolowa yakarudishwa kwenye magunia vilevile.

Leo Hamidu, mpakuzi wetu, amefungua gunia la kwanza. Ukungu wa kijani, joto, harufu ya kitu kilichokufa. Akaziba pua na shati. "Karani, hii iko sumu."

Bosi hakuinama hata kutazama. "Changanyeni na makavu. Kwenye uji nani ataona?"

Uji. Mahindi yetu husagwa kuwa unga wa uji wa watoto.

Nimenawa mikono mara nyingi, harufu bado ipo. Inanikera zaidi kwamba saa hiyohiyo ametuita tuweke simu mezani tena, na sote tumeziweka.

Kama unafanya kazi ya ukaguzi wa chakula, au unamjua anayeifanya, acha maoni hapa chini. Uliza bei ya mwavuli, basi. Usitaje mahindi, usitaje Masoro, usije ofisini. Nitakujibu nikiwa nje ya geti, saa ya chakula. Gunia moja nimelificha, halijachanganywa, na nitakuelekeza lilipo.

Lori la kwenda kwenye kinu linaondoka kesho alasiri. Ukiniandikia baada ya hapo, yatakuwa yameshakuwa unga.